Maji ya Ziwa na Karatasi ya Mkimbizi

Mazungumzo yaliyotolewa Gatumba kwa niaba ya walimu wakimbizi, Siku ya Wakimbizi Duniani



Komite imetuomba sisi walimu tuseme machache juu ya sheria na mabadiliko ya hali ya hewa. Barua hiyo ilipofika, baadhi yetu walicheka kidogo, maana mkimbizi huulizwa habari za vita, haulizwi habari za mvua. Hata hivyo tulikubali.

Kwetu sisi watu wa Kongo, jina la Gatumba lilikuwa na maana moja tangu usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 walipouawa hapa kambini. Tangu Aprili 2020 limepata maana ya pili. Mto Rusizi ulivunja kingo zake, ukaingia Kinyinya, Mushasha na mitaa mingine, na maelfu ya Warundi wakahamia katika mahema ndani ya nchi yao wenyewe. Mwezi ule ule, ng'ambo ya mpaka, mto Mulongwe ulibomoa nyumba mjini Uvira na kuua makumi ya watu. Baadaye ziwa lenyewe likapanda, mwaka 2021 na tena mwaka 2024. Ramani ya shule inaandika kwamba Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2024 lilifika karibu mita 777. Kwenye mlima mita chache si kitu, lakini kwenye tambarare hii ni mitaa mizima. Viboko wakawa wanapita kati ya nyumba, na mpaka leo wapo watoto wanaochora kiboko vizuri kuliko ng'ombe.

Basi tazameni majirani wawili wa hapa. Mmoja amevuka mpaka akikimbia bunduki. Ana karatasi, anaandikishwa na HCR na ONPRA, na jina lake linajulikana Geneva. Wa pili amekimbia maji, hakuvuka mpaka wowote, na mkononi hana chochote isipokuwa ufunguo wa nyumba iliyozama. Wote wawili wanalala chini ya shitingi ya aina moja. Lakini yuko pia mtu wa tatu, na huyu ndiye aliyetufanya tukubali kusimama hapa. Ni yule aliyekimbia vita Uvira, na nyuma yake kiwanja chake kikachukuliwa na maji. Siku ya kuandikishwa anaulizwa sababu ya kukimbia. Akitaja vita, karani anaandika. Akiongeza habari ya maji, kalamu inasimama, kwa kuwa fomu haina mahali pa kuyaandika. Siku moja ataambiwa kwamba amani imerudi, na yeye arudi kwa hiari yake. Atarudi wapi?

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 hausemi juu ya mafuriko. Unasema juu ya mtu anayeogopa kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, taifa, kundi au mawazo yake ya siasa. Afrika iliongeza mlango mwingine katika Mkataba wa OAU wa mwaka 1969, uliofanyika Addis Ababa: mtu anayelazimika kukimbia matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma naye ni mkimbizi. Wanasheria wanabishana kama mafuriko yanaweza kuingia katika maneno hayo. Sisi si wanasheria, lakini mahali ambapo mto umechukua soko, shule na zahanati kwa usiku mmoja, hatuoni utulivu wa umma uliobaki.

Kwa jirani wa pili, Umoja wa Afrika ulitunga Mkataba wa Kampala mwaka 2009, nao ulianza kufanya kazi Desemba 2012. Huo unataja wazi mabadiliko ya hali ya hewa na kuzitaka serikali zilinde watu waliohamishwa na maafa ndani ya nchi. Ni mkataba mzuri, ila mkataba haujengi nyumba mpaka nchi iuridhie, iutungie sheria ya nyumbani na kuutengea fedha. Duniani nako kumekuwa na hatua. Mwananchi mmoja wa visiwa vya Kiribati aliyerudishwa kwao na New Zealand alipeleka malalamiko yake mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Alishindwa. Lakini katika uamuzi uliotangazwa Januari 2020, Kamati ilisema kwamba nchi inaweza kukatazwa kumrudisha mtu mahali ambapo mabadiliko haya yanahatarisha uhai wake. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda hali ya hewa. Na uko Mfuko wa Hasara na Uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, kwa ajili ya nchi zilizoumia. Burundi na Kongo ni miongoni mwa nchi zinazotoa hewa chafu kidogo kabisa kwa kila mtu, kwa hiyo hatuombi sadaka tunapoutaja mfuko huo.

Hata hivyo tusitupe lawama zote kwa viwanda vya mbali. Vilima vilivyokatwa miti vinatupa udongo mtoni, na watu wamejenga katika njia ya maji. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Lakini wenyeji wanatuuliza: ziwa likisogea, hizo mita 150 zinaanza kuhesabiwa wapi? Mtu aliyejenga mbali, akafuatwa na ziwa hadi mlangoni, ni mvunja sheria?

Tena kuna jambo la Lukuga, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Lukuga, karibu na Kalemie, nchini Kongo. Zamani, kabla ya miaka ya 1870 kwisha, mlango huo uliziba kwa majani na udongo, ziwa likajaa hadi likauvunja. Maana yake ni kwamba Mrundi wa Gatumba hawezi kulindwa na sheria ya Burundi peke yake. Nchi nne, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini Mkataba wa Ziwa Tanganyika mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa ina makao yake Bujumbura, mwendo mfupi kutoka hapa tulipoketi. Tunaomba Komite iandike barua kule. Tunaomba pia mashirika yaongeze mstari mmoja katika fomu zao: maji.

Sheria zote hizo zinataka ushahidi, na maji yakikauka ukutani ushahidi unafutika. Kwa hiyo sisi walimu tumenunua madaftari mawili. Moja litakaa kwa katibu wa Komite, la pili kwa msimamizi wa eneo la waliohamishwa na mafuriko. Uandikishaji utaanza Jumatatu baada ya masomo ya asubuhi. Kila mmoja, Mkongo au Mrundi, aje na jina la mtaa wake, tarehe maji yalipoingia, yalifika kimo gani ukutani, na jina la jirani aliyeona. Wasiojua kuandika wataandikiwa na wanafunzi wa darasa la sita.