Brugmansia Ianze kwa Mbegu: Hoja kwa Waoteshaji wa Nyumbani



Katika bustani nyingi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, brugmansia husafiri mikononi mwa watu. Mtu huona maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta kwenye uzio wa jirani, huomba tawi, hulichomeka ardhini wakati wa mvua, na baada ya wiki chache tawi limeshika. Njia hii ni nyepesi na haina gharama, ndiyo maana imetusahaulisha kwamba mmea huu una mbegu. Mada hii inaitetea mbegu. Dai langu ni kwamba mwoteshaji wa nyumbani anayetaka kuujua mmea huu, na kuuacha na uhai mwingi kuliko aliourithi, hana budi kuotesha miche yake mwenyewe walau mara moja. Nadai pia kwamba sifa mbaya ya mbegu hizi, eti zinachelewa, zinaoza na miche yake inakufa ovyo, inatokana kwa sehemu kubwa na jinsi tunavyozitendea.

Hoja yote inasimama juu ya hali ya mmea wenyewe. Brugmansia ni ndugu wa mnanaha, nyanya, viazi mviringo na tumbaku. Mwaka 1753 Linnaeus aliiweka pamoja na mnanaha katika jenasi ya Datura. Mwaka 1805 Persoon aliitenga na kuipa jina la mtaalamu wa Kiholanzi, Sebald Justinus Brugmans, lakini wataalamu waliendelea kubishana hadi Tommie Lockwood alipoitetea upya jenasi hiyo mwaka 1973. Kwa mtu wa bustani tofauti inaonekana kwa macho: mnanaha ni kichaka cha muda mfupi chenye maua yaliyoelekea juu, na tunda lake lenye miiba hupasuka likikauka, ilhali brugmansia ni mti mdogo wa miaka mingi, maua yake huinamia chini, na tunda lake halina miiba wala halipasuki. Spishi zake saba zina asili ya Amerika Kusini, katika milima ya Andes kuanzia Venezuela hadi kaskazini mwa Chile, na kusini-mashariki mwa Brazili. Huko kwao, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, limeziorodhesha zote kuwa zimetoweka porini. Mti unaopamba nyua katika kila bara lenye joto hauna tena msitu unaouzaa. Unaishi kwa sababu watu wanaupenda, na watu hao karibu wote huuzalisha kwa tawi.

Tawi ni mmea uleule unaoendelea kuishi mahali pengine. Likikatwa na kugawiwa kwa nyumba arobaini, kijiji kina miti arobaini na mmea mmoja. Hilo lina uzito kwa sababu brugmansia nyingi, zikiwemo suaveolens, aurea na versicolor, huikataa chavua yao wenyewe. Arborea ni miongoni mwa chache zinazoweza kujichavusha. Nondo wakubwa wenye ulimi mrefu wapo Afrika Mashariki, na harufu ya maua haya ya jioni huwavuta, lakini chavua wanayoihamisha kutoka uzio hadi uzio katika kijiji hicho ni ileile. Matunda yakikosekana, watu husema mti huu hauzai. Mti una uwezo wa kuzaa, ila umekosa mwenzi. Pamoja na upweke huo kuna magonjwa. Kirusi kiitwacho kirusi cha datura cha Kolombia huenezwa na vidukari, na kila kipandikizi kinachokatwa kwenye mti mgonjwa huondoka nacho. Kirusi hichohicho hushambulia nyanya na tumbaku. Mbegu nayo si salama kabisa, kwa kuwa baadhi ya virusi vya mimea ya ukoo huu vinaweza kung'ang'ania juu ya ganda. Hata hivyo mbegu ni chujio, na virusi vingi ambavyo tawi hubeba moja kwa moja havilipiti kwa urahisi.

Mtetezi wa tawi ana jibu zuri, na ni haki lisikilizwe. Katika bonde la Sibundoy, kusini mwa Kolombia, Wakamsá na Wainga wametunza kwa vipandikizi aina za brugmansia zenye majani ya ajabu, zinazotumika katika tiba na ibada zao. Moja kati yake ilikuwa tofauti kiasi kwamba mwaka 1955 mwanabotania Richard Evans Schultes aliieleza kama jenasi mpya. Baadaye ilikubalika kuwa ni umbo geni la brugmansia. Umbo kama hilo lingepotea zamani kama wangetegemea mbegu. Nakubali. Tawi hutunza kile ambacho tayari kimepatikana, na anayetaka ua la rangi fulani lenye petali mbilimbili afuate tawi, kwa sababu mbegu ya mti wenye maua ya njano haitoi ahadi yoyote ya njano. Candida, inayopendwa sana, yenyewe ni chotara wa aurea na versicolor, na watoto wake hutofautiana mno. Lakini hoja hii inathibitisha pia upande wa pili: kila aina inayotunzwa leo kwa tawi ilianza siku moja, na mahali pa kuanzia kitu kipya kwa kawaida ni mbegu.

Sasa tuingie kitaluni, maana hapo ndipo mbegu inahukumiwa bila kosa. Mkulima wetu amefundishwa kumwaga mbegu ndani ya maji na kuondoa zinazoelea, kwa kuwa kwenye mpunga au maharage inayoelea ni pepe. Akifanya hivyo na brugmansia atatupa mbegu njema. Mbegu za spishi nyingi za kundi hili zimevikwa ganda nene, jepesi kama kizibo cha chupa, na ganda hilo huelea hata kama kiini ni kizima na kimejaa. Kipimo cha kweli ni kuloweka mbegu siku nzima katika maji ya uvuguvugu, kisha kubandua kizibo taratibu kwa kucha na kutazama kilichomo: kiini kigumu na kilichojaa kinafaa, kilichosinyaa au cheusi na laini hakifai. Kubandua si sharti, kwani mbegu huota hata na kizibo chake. Mimi naona kunafaa kwa sababu nne: maji hufika ndani mapema, mwoteshaji huacha kukisia, ukungu hukosa sifongo la kujistawishia, na virusi vilivyobaki juu ya ganda hupungua.

Mbegu iliyobanduliwa hufukiwa kwa kina cha nusu sentimeta hadi sentimeta moja, kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga wa mtoni, na huhitaji joto la nyuzi 20 hadi 25. Nyingine huchomoza ndani ya wiki 2, nyingi huchukua wiki 3 au 4, na za zamani huchelewa zaidi ya hapo. Hapa haraka huua. Mtu akiona wiki ya tatu imefika kimya huongeza maji, na maji hayo ndiyo huozesha kile kilichokuwa karibu kuchomoza. Atakayevumilia huku udongo ukiwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa ataona miche akiwa tayari ameanza kukata tamaa.

Adui mkubwa zaidi huja baada ya kuota, naye ni kinyausi. Mche uliosimama asubuhi hulala jioni, shina likiwa limenywea pale linapokutana na udongo, na mwenye nao hudhani umekosa maji, akaumwagilia tena. Kinyausi huletwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda unyevu mwingi, hewa iliyotuama na miche iliyobanana, na dawa yake ni kuvinyima hali hiyo: udongo uliochemshwa au kukaangwa kabla ya kupandia, chombo chenye matundu, nafasi kati ya mche na mche, na maji yanayopandishwa kutoka chini kwa kukiweka chombo ndani ya beseni kwa dakika chache. Kifuniko cha plastiki kinachosaidia mbegu kuota kiondolewe mara miche inapochomoza. Samadi mbichi isiguse udongo wa kuoteshea. Brugmansia ni mlaji mkubwa, na njaa yake huanza baada ya mche kuwa na majani halisi mawili au matatu na kuhamishiwa kwenye chombo chake; kuanzia hapo mbolea iende kidogo kidogo na mara kwa mara. Utitiri na inzi weupe hupenda majani yake machanga, hivyo chini ya jani pakaguliwe kila wiki.

Pingamizi la kawaida dhidi ya miche ni muda. Mti wa mbegu hukua kwa shina moja hadi ligawanyike mfano wa herufi Y, na kabla ya mgawanyiko huo hauchanui. Kwenye spishi za joto hilo laweza kuchukua mwaka au zaidi. Kwenye spishi za baridi, subira ni ndefu zaidi. Tawi lililokatwa juu ya Y huchanua upesi na likiwa fupi, kwa kuwa linabeba utu uzima wake. Siukani ukweli huo. Nasema tu kwamba anayekuza mche huuona mti ukivuka utoto: majani ya chini ya Y yana tako lililo sawa pande zote mbili, na ya juu yake yana upande mmoja ulioshuka kuliko mwingine. Aliyelijua hilo anajua pa kukata vipandikizi maisha yake yote, na aliyeanzia kwenye tawi hukata popote, kisha hushangaa kwa nini moja lilichanua na jingine likaendelea kurefuka. Uchaguzi wa spishi nao hupunguza subira ya bure. Sanguinea ni ya milima ya juu na haistahimili usiku wa joto. Mtu wa Tanga au Mombasa asihangaike nayo, achukue suaveolens au versicolor.

Sumu ni pingamizi zito kuliko muda, na halijibiwi kwa kulipuuza. Kila sehemu ya mmea huu ina skopolamini, hiosiamini na atropini, na mbegu ni miongoni mwa sehemu hatari zaidi. Aliyesumiwa hukauka mdomo, moyo humwenda mbio, huweweseka, na anaweza kufa. Kubandua mbegu zilizolowa kisha kufikicha jicho kunatosha kuitanua mboni kwa saa nyingi. Kwa hiyo anayetaka kuotesha avae glavu, amwage mbali maji ya kulowekea, asianike mbegu karibu na maharage wala choroko, na chombo chake kisirudi jikoni. Nyumba yenye mtoto anayeokota vitu na kuvitia mdomoni isioteshe brugmansia kwa miaka hiyo, kwa mbegu wala kwa tawi. Penye mbuzi panahitaji uzio kabla ya mche.

Linabaki pingamizi ambalo kwangu ndilo gumu. Suaveolens tayari imetoroka bustani katika sehemu za Kenya, Tanzania na Uganda, hasa penye unyevu, na kwa watu wa uhifadhi ni mmea vamizi. Je, kuleta mbegu za asili tofauti si kuwapa wenzi miti iliyokuwa haizai? Ndiyo, hatari hiyo ipo, na anayetetea mbegu lazima aibebe. Uvamizi uliopo, kwa kadiri kubwa, ni kazi ya matawi yaliyopogolewa na kutupwa korongoni yakaota mizizi, lakini matunda yakiongezeka njia ya pili itafunguka, na kile kizibo kinachoelea kitasafiri na maji. Kwa sababu hiyo naweka mipaka: mti wa mbegu ukuzwe ndani ya chungu au ndani ya ua, tunda lisilokusudiwa likatwe likiwa bado bichi, matawi yakaushwe juu ya sakafu hadi yavunjike kwa mkono, ndipo yafukiwe. Na mwenye shamba linaloteremka hadi kwenye kijito asipande brugmansia ya aina yoyote upande wa maji, hata kama jirani yake amepanda.