MATOKEO YA SHULE YAELEZWE KWA WAZAZI
Maneno ya Katibu kwenye kikao cha tawi

Tunayatuma haya kwa ajili ya ambao hawakufika kikaoni.

Matokeo ya kidato cha nne si siri. NECTA huyaweka kwenye tovuti yake shule kwa shule. Shida ni kuyasoma. Mzazi anaambiwa shule imefaulu kwa asilimia 90, anapiga makofi. Miezi michache baadaye mtoto hayumo kwenye orodha ya kidato cha tano, na nyumbani hakukaliki.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si wa shule yoyote. Watahiniwa 100: daraja la kwanza 3, la pili 6, la tatu 11, la nne 70, sifuri 10. Ufaulu hapo ni asilimia 90, maana daraja la nne nalo linahesabiwa. Lakini wa kutazamwa kwa kidato cha tano wamo katika wale 20. Hakuna aliyedanganya, ila wale 70 hawakutajwa. Tuliosomea uhasibu tunajua, ukipewa jumla, omba mchanganuo.

GPA ya shule nayo inachanganya. A ni pointi 1, F ni 5, hivyo GPA ndogo ndiyo nzuri. Shule yenye 2.1 iko mbele ya yenye 3.9. (Kuna wanaobisha kinyume chake, hata humu tawini.)

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora. Hatuililii orodha ile, ilikuwa tangazo la bure la biashara kwa baadhi ya shule. Mzazi wa hapa anataka kujua kama shule ya mwanawe inapanda au inashuka.

Kwa hiyo wajumbe wetu wapeleke hoja mkutano wa mtaa: karatasi moja ibandikwe ofisini, ioneshe waliosajiliwa, waliofanya mtihani, na idadi ya kila daraja, wasichana na wavulana, kwa miaka mitatu. Majina ya watoto yasiwekwe. Na walimu wasizomewe. Shule ikikosa mwalimu wa hisabati, karatasi itaonesha hisabati imeanguka, na hilo ndilo la kumpelekea diwani.

Jumamosi saa nne asubuhi tuko ofisi ya tawi kuandaa karatasi ya mfano. Mwenye kompyuta aje nayo.

Katibu wa Tawi