Taka za Hospitali Zisivuke Uzio



Kila chama cha msingi kina jirani asiyeandikwa katika daftari la wanachama, naye ni zahanati. Huko ndiko hupelekwa mkulima aliyejikata kwa jembe, na huko ndiko akina mama hujifungulia. Lakini tiba hubakiza taka, na taka zisipotunzwa huurudisha ugonjwa kijijini ulikotoka.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka za huduma za afya, kilo 85 hivi ni taka za kawaida, kama vile karatasi na mabaki ya chakula. Kilo 15 hivi ndizo za hatari: sindano na nyembe zilizotumika, bendeji zenye damu, kondo la nyuma, dawa zilizokwisha muda na kemikali za maabara. Basi mzigo wa hatari ni mdogo. Lakini ukitiwa katika pipa moja na taka nyingine, kilo zote 100 huwa za hatari. Mtunza ghala hahitaji kufundishwa jambo hili: gunia moja la mahindi mabichi huharibu safu nzima.

Kitu cha kuogopwa zaidi ni sindano. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa wa homa ya ini ya aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa hukadiriwa kuwa 30 katika 100. Kwa aina ya C ni karibu 2 katika 100, na kwa virusi vya UKIMWI ni 3 katika 1,000. Anayechomwa si muuguzi peke yake, bali pia mfagiaji, mtoto atafutaye kitu cha kuchezea, na mkulima apaliliaye bila viatu.

Wako pia waokotao ili wauze. Mwaka 2009, katika jimbo la Gujarat nchini India, watu wapatao 240 waliambukizwa homa ya ini ya aina ya B baada ya kutibiwa kwa mabomba ya sindano yaliyokwisha kutumika. Ilibainika kwamba mabomba hayo yalipatikana kwa njia ya magendo. Wagonjwa hao hawakwenda jalalani. Jalala ndilo lililowafuata.

Kinga huanzia pale pale taka inapotokea. Sindano isirudishiwe kifuniko, bali itumbukizwe mara moja katika kasha gumu lisilotoboka. Nalo kasha likijaa robo tatu, lifungwe. Taka za kawaida ziwe na pipa lake. Kondo la nyuma lina shimo lake lenye mfuniko, nalo liwe angalau mita 50 kutoka kisimani. Kuchoma ovyo si dawa: plastiki ikiungua kwa moto hafifu hutoa sumu iitwayo daioksini, na sindano hubaki jivuni zikiwa bado zachoma. Tanuri linalofaa hufikia joto la nyuzi 850 na zaidi, na moshi wake husafishwa. Penye uwezo, mtambo wa mvuke huua vijidudu pasipo moshi.

Hayo ni ya mganga. Ya chama ni haya. Kwanza, Katibu alitie jambo hili katika ajenda, na Kamati iende ikaone shimo la zahanati. Kama halina uzio, miti, misumari na siku moja ya kazi ya kujitolea vitatosha. Pili, mwanachama asinunue wala asipokee chombo kilichotoka jalala la hospitali, hata kama kinafaa kutilia maziwa au mbegu. Tatu, wafugaji wakumbuke kuwa sindano ya kuchanjia ng'ombe nayo ni sindano. Isiachwe kando ya josho. Nne, mfagiaji wa zahanati aulizwe kama amepata chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, kwani chanjo hiyo ipo.

Aliyechomwa naye asifiche. Aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha aende kwa mganga siku ile ile, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita.

Chama hulinda mazao ya mwanachama ghalani. Mikono iliyoyalima mazao hayo nayo yastahili ulinzi.