Gia Ikikataa Kuingia: Tuichunguze Klachi Kabla ya Kufungua Giaboksi

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwenye mkutano wa hadhara wa kata)



Msimu wa mavuno umewadia, na malori yameanza kupanda na kushuka milima yetu yakiwa na shehena. Lori moja likikwama, nyanya huoza njiani na mkulima hukosa soko. Lori hilohilo likipoteza gia kwenye mteremko, tunachopoteza si mazao tena, bali uhai. Kwa sababu hiyo, mafundi wa karakana wameniomba niwafikishie ninyi wenye malori, madereva na matingo maelezo haya.

Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Dereva akikanyaga, nguvu ya injini hukatwa ili gia ibadilishwe. Akiachia, nguvu huunganishwa tena. Basi maradhi yake makubwa ni mawili: kutokata na kutoshika.

Klachi isiyokata hutambulika kwa gia kukataa kuingia au kukwaruza, hasa gia ya nyuma. Kipimo chake hakigharimu hata shilingi. Simamisha lori mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, zima injini, kanyaga klachi, kisha pitisha gia zote. Zikiingia kwa wepesi injini ikiwa imezimwa, lakini zikakataa inapounguruma, mtuhumiwa wa kwanza ni klachi. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, chunguza fimbo au nyaya za kubadilishia gia, kisha giaboksi yenyewe. Wapo waliolipia kufunguliwa giaboksi nzima, kumbe kasoro ilikuwa mvujo mdogo kwenye silinda ya klachi.

Kwa malori yenye klachi ya mafuta, tazama kichupa chake kila asubuhi. Kiwango kikishuka ghafla, tafuta mvujo. Kanyagio likizama, na gia ikakubali baada ya kukanyaga mara kadhaa, huenda upepo umeingia au raba za silinda zimechoka. Ongeza mafuta yaliyoelekezwa na mtengenezaji pekee. Oili ya injini isitiwe humo kamwe, kwani huvimbisha raba na kuziharibu.

Klachi isiyoshika hujitangaza mlimani: mngurumo wa injini hupanda, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua husikika. Huenda diski imelika, imelowa oili, au kanyagio limerekebishwa vibaya hadi klachi haishiki kikamilifu. Ukiendelea kulazimisha, joto litaharibu hata sehemu zilizokuwa nzima, na gharama itaongezeka.

Sikilizeni pia sauti, gia ikiwa huru na injini ikiunguruma. Kelele inayoanza unapokanyaga klachi mara nyingi hutoka kwenye beringi ya kuachia klachi. Kelele inayotoweka unapokanyaga huashiria beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Mweleze fundi hivyo, utamfupishia kazi.

Ndugu wananchi, kasoro isiyovumilika ni gia kuchomoka yenyewe. Kwenye mteremko, gia ndogo huiwezesha injini kuzuia mwendo. Gia ikichomoka, mzigo wote huangukia breki, nazo zikipata joto kupita kiasi hushindwa kushika. Lori la namna hiyo lisipakiwe hadi litengenezwe. Vilevile, kuteremka gia ikiwa huru kwa nia ya kubana mafuta ni kuuza roho kwa bei ya lita moja ya dizeli.

Mwisho, klachi huuawa na mazoea: kuweka mguu juu ya kanyagio safari nzima, kulizuia lori mlimani kwa klachi badala ya breki, kuondoka na mzigo kwa gia kubwa, na kupakia kupita uwezo. Mwenye lori, dereva akikuambia gia inasumbua, usimjibu amalizie safari kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika milima yetu, ukuta huo huwaangukia hata wasiomiliki lori.