Siku Mbili katika Pwani ya Brighton

Tulipokuwa wanafunzi katika Uingereza tulitoka London Jumamosi moja kwa gari la moshi, mwendo wa kama saa moja, tukaenda Brighton kutazama bahari. Tulikuwa wanne: mmoja wa Norway, mmoja wa Punjab, nasi wawili wa Afrika ya Mashariki.

Pwani ile si ya mchanga kama yetu. Ni kokoto tupu, nazo huumiza nyayo. Maji ni baridi hata wakati wa joto. Aliyeoga ni yule wa Norway peke yake. Sisi tulimshikia nguo.

Jumapili mwenzetu wa Punjab hakutaka kuketi ufukoni. Alitaka kupanda vilima vilivyo nje ya mji, mpaka mahali paitwapo Chattri. Yule wa Norway alinung'unika sana, akisema hatukuja kutazama makumbusho ya wafu; lakini tulikwenda.

Katika vita vya 1914, jumba la kifalme la Brighton, lenye kuba za namna ya Bara Hindi, liligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa. Wahindu na Masingasinga 53 waliokufa mjini walichomwa kilimani pale, kama ilivyo desturi ya dini zao. Ukumbusho wa marumaru nyeupe ulizinduliwa mwaka 1921.

Mwenzetu alivua viatu, akasimama kimya kitambo kirefu. Tulipotaka kuondoka, yule wa Norway ndiye aliyetuomba tungoje kidogo. Gari la saa kumi lilituacha.