Siku ya Kutetea Tasnifu
(Maneno yaliyosemwa bwaloni, siku ya makutano ya wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya kazi yangu. Nilipoingia hapa kidato cha kwanza mwaka 1994, na tranka la kuazima, kazi yangu katika midahalo ya Jumamosi ilikuwa kugonga kengele muda wa msemaji unapokwisha. Msemaji sikuwahi kuwa. Baada ya shahada yangu ya kwanza na miaka mingi ya utumishi, naona bado nagonga kengele ile ile. Mimi ni afisa katika chuo kikuu kimoja cha umma, na ndiye ninayeandaa siku ya mtu kutetea tasnifu yake ya udaktari. Daktari huyu, wadogo zangu, si wa sindano.

Anayesomea shahada hiyo hufanya utafiti miaka mitatu, minne, wengine hata minane, kisha huandika kitabu. Kitabu husomwa na watahini, na mmoja wao lazima atoke nje ya chuo, isije ikawa mtu anamhukumu mwanafunzi wa rafiki yake. Wakishatoa ripoti, mwanafunzi huitwa mbele ya jopo kuulizwa kwa mdomo. Wasomi huita viva voce, Kilatini hicho, yaani kwa sauti iliyo hai. Msimamizi wake huwepo, lakini haruhusiwi kumjibia. Huko Uholanzi, muda ukitimia, mtumishi wa chuo huingia na fimbo yake na kutangaza kwa Kilatini kwamba saa imefika, na hapo maswali hukoma. Nilipolisoma hilo nilifurahi, maana nimepata mgonga kengele mwenzangu.

Kazi yenyewe haina fahari. Ni kupatanisha tarehe za maprofesa watano, kuandika dokezo la kuomba masurufu, kufuatilia tiketi ya mtahini wa nje, kuhakikisha akidi inatimia. Pasipo akidi hakuna kikao, na mtahiniwa aliyekesha wiki nzima hurudi nyumbani.

Mwaka 2022 niliandaa utetezi wa mama mmoja, mwalimu, aliyetafiti kilimo cha mwani huko pwani. Barua zote nilipeleka. Chumba sikukihakiki. Asubuhi ile tukakuta mwaka wa kwanza wamekijaza, wanafanya jaribio. Kosa lilikuwa langu, na nilimwambia hivyo mbele ya jopo. Tukahamia maabara moja ghorofa ya pili, yenye viti virefu visivyo na mgongo. Mtahini wa nje, mzee wa watu, alipanda ngazi akishika ukuta. Mashine ya kuonyeshea picha haikuwepo, ila ubao na chaki.

Mzee akauliza: “Mama, vipimo vyako vyote ni vya msimu wa kusi. Kaskazi maji yakipata moto, na mwani ukifa, hesabu zako zitasimama?”

Mama akanyamaza. Nilitazama saa yangu, maana ndiyo kazi yangu: dakika nzima na zaidi. Mwenyekiti hakumharakisha. Mzee aliweka kalamu chini akamngojea. Kisha mama akaenda ubaoni, akachora mstari wa kile alichopima, akachora na wa kile alichokisema katika sura ya tano, akasema, “Hapa nimesema kupita vipimo vyangu.” Kuanzia hapo ilikuwa mazungumzo ya watu wawili wanaoujua mwani. Alipita, akapewa miezi mitatu ya kusahihisha sura ile.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2020 vyuo vyetu vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Mwaka ule niliandaa utetezi mmoja kwa kompyuta, kila mtu kwake. Kijana aliulizwa swali gumu, akanyamaza kufikiri. Mara sauti zikaanza: “Unatusikia? Mtandao umekata?” Akastuka, akasema anasikia, na swali likaishia hapo. Alipita naye. Lakini swali lile halikujibiwa, na mpaka leo sijui kama alikuwa na jibu.

Wenzangu ofisini, hasa vijana, husema kompyuta inaokoa fedha za tiketi na posho. Ni kweli, masurufu nayaandika mimi, nayajua. Nami sipingi mtahini aliye ng'ambo asikilizwe kwa mtandao akishindwa kabisa kuja. Ila nimeandika dokezo kuomba kwamba mtahiniwa, mwenyekiti na angalau mtahini mmoja wakae chumba kimoja, waonane nyuso, ili mtu akinyamaza ijulikane kuwa anafikiri. Dokezo hilo lingali mezani kwa wakubwa. Ndugu zangu wawili watatu waliomo humu wanawafahamu wakubwa hao, na nimewaona wakiinamisha vichwa.

Ndugu Mkuu wa Shule, kwetu wasikilizaji huruhusiwa kuingia. Ukikubali, niletee kidato cha sita siku moja, wakae nyuma kimya. Viti nitatafuta mimi, na safari hii chumba nitakihakiki kwa macho yangu.