Ng'ombe wa Maskini na Sheria ya Maziwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa)



Wahenga walisema kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Sisi tulio katika kazi ya sheria tumeitazama methali hii kwa jicho la historia ya nchi yetu, na tumeona kwamba mara nyingi ng'ombe huyo alizaa na maziwa yakapatikana. Kilichofuata ni sheria kusimama mlangoni na kuuliza: ni nani aliyekupa ruhusa ya kuuza? Kwa hiyo asidhani mtu kwamba leo tumeiacha ajenda ya mageuzi ili tuzungumze habari za maziwa. Ajenda ni ile ile.

Hebu tukumbushane tulikotoka. KCC iliundwa na walowezi mwaka 1925, kwa faida ya walowezi. Mwafrika aliwekewa vizuizi vya kufuga ng'ombe wa gredi na kupanda mazao ya biashara, mpaka Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoanza kuvilegeza. Mwaka 1958 ikatungwa Sheria ya Sekta ya Maziwa, Sura ya 336, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Maziwa ya Kenya. Uhuru ulipofika mwaka 1963 tulibadilisha bendera, lakini muundo ule tuliurithi kama ulivyokuwa. Katika miji, KCC ilibaki na soko peke yake. Mama aliyekama lita tano za ziada akazipeleka mtaani kuwauzia majirani wa mjini alihesabiwa kuwa mhalifu.

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Serikali ilifanya mengi mema. Kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilitoa mbegu za mafahali bora, na kwa miaka mingi huduma ya upandishaji ilimfikia mfugaji mdogo kwa bei nafuu, maana hazina ya umma iligharimia sehemu kubwa. Kuanzia mwaka 1980, kwa msaada wa Uholanzi, wafugaji wengi walifundishwa kumlisha ng'ombe zizini kwa majani ya nepia, hata mwenye ekari moja akaweza kufuga. Na sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya themanini tuliyanywa Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979. Lakini mema hayo yote yalishuka kutoka juu. Mfugaji hakuulizwa yalipoletwa, wala hakuulizwa yalipoondolewa.

Yaliondolewa kwa haraka. Chini ya mipango ya kurekebisha uchumi iliyodaiwa na wafadhili, huduma za upandishaji na za matibabu ya mifugo ziliachiwa wafanyabiashara, na wafugaji wengi wakarudi kwa fahali wa kijiji. Mwaka 1992 soko la maziwa likafunguliwa. KCC ikadhoofika, wakulima wakangoja malipo yao miezi na miezi. Mwaka 2000 mali yake ikauzwa, ikaitwa KCC 2000, na mwaka 2003 serikali mpya ikairudisha mikononi mwa umma.

Hapa pana somo kubwa kwa watu wa mageuzi. Mwezi wa Desemba 1991 tulifuta Kifungu cha 2A, tukashangilia kwamba vyama vingi vimekuja. Hata hivyo, kwa miaka sita zaidi mkutano wa upinzani ulihitaji leseni ya utawala, mpaka marekebisho ya mwaka 1997. Mlango ulifunguliwa, na askari akaachwa mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa katika maziwa. Soko lilitangazwa kuwa huru mwaka 1992, lakini Sheria ya mwaka 1958 haikuguswa, na mchuuzi wa maziwa mabichi aliendelea kufukuzwa, kumwagiwa maziwa yake na kushtakiwa.

Ni nini kilichobadilisha hali hiyo? Ni ukweli uliokusanywa kwa subira. Kati ya mwaka 1997 na 2005, wizara, taasisi ya KARI na taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, ziliendesha mradi wa utafiti kuhusu wafugaji wadogo wa maziwa. Ilionekana kwamba maziwa mengi ya nchi hii hupita mikononi mwa wachuuzi hao, na kwamba karibu kila nyumba huyachemsha kabla ya kuyanywa. Hatari iliyobaki ingeweza kupunguzwa kwa mafunzo, vyombo safi vya chuma na vipimo rahisi. Kuanzia mwaka 2004 Bodi ilianza kuwafundisha wachuuzi na kuwapa leseni. Mtu yule yule aliyekuwa akitoroka askari kwa baiskeli akawa mfanyabiashara anayetambuliwa.

Hatusemi maziwa yauzwe kiholela. Mtoto wa Kibera ana haki ya maziwa safi sawasawa na mtoto wa Karen. Tunasema kwamba usafi hufundishwa na kukaguliwa. Haupatikani kwa kumwaga riziki ya mtu barabarani.

Wapo wanaodai kwamba mfugaji mdogo ni mzito wa kupokea mambo mapya. Waende Embu. Katika miaka ya tisini watafiti walileta huko miti ya kaliandra, ambayo majani yake yana protini nyingi. Kilo tatu za majani mabichi ziliweza kufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Miti kama 500 ilitosha kumwongezea ng'ombe mmoja lishe mwaka mzima, nayo haikuhitaji shamba jipya: ilipandwa kwenye ua, kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko na kandokando ya nepia. Wakulima wenyewe, wengi wao akina mama katika vikundi, walianzisha vitalu, wakakusanya mbegu na kugawiana miche. Mfugaji mdogo hupima kila jambo kwa mfuko wake na kwa ekari yake. Likimfaa, hulichukua bila kuhubiriwa.

Ndugu wananchi, leo tunayo silaha ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inatambua, katika Kifungu cha 43, haki ya kila mtu ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe. Jedwali la Nne limekabidhi kaunti ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Aidha, sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni ndogo inamtaka waziri awashauri wale watakaoguswa, na kanuni zisipowasilishwa Bungeni kwa wakati hubatilika.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kanuni yoyote ya maziwa iletwe kwa wafugaji na wachuuzi kabla ya kutiwa sahihi, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na kwa saa ambazo si za kukama. Kikao kilichofanyiwa hotelini mjini, mfugaji akiwa zizini, si ushauriano. Pili, bajeti ya kaunti ionyeshe waziwazi fedha za maafisa wa nyanjani, za chanjo na za upandishaji, maana haki isiyotengewa fedha ni maneno matupu. Tatu, tusafishe nyumba zetu wenyewe. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 ilipunguza mkono wa serikali katika ushirika. Tangu hapo mwenyekiti anayekula fedha za wanachama analindwa na ukimya wetu. Tusome hesabu, tuulize maswali, tupige kura.

Msingoje wanasheria wa Nairobi. Mtakapotangaziwa kikao cha bajeti ya kaunti, nendeni wengi, mwende na maandishi, na mdai kupewa nakala ya yaliyoamuliwa. Wakiwafungia mlango, hapo ndipo sisi mawakili tutakapoingia pamoja nanyi mahakamani.